Safari Hii Usimsingizie Mungu

Skola mwanangu,

Nimekusikia ukifunga zipu ya begi, ukaifungua, ukaifunga tena. Habari za kula, kulala na kujihadhari na wanaume wa Dar wameshakuambia shangazi zako, tena kwa kurudiarudia, na wewe umeitikia vizuri kama mtu asiyesikiliza. Mimi sina la kuongeza hapo. Nimekaa kwenye meza ya jikoni na kalamu ya baba yako ya kusahihishia madaftari, ndiyo maana barua yote ni nyekundu. Ninakuandikia kwa sababu nikikuambia kwa mdomo utanikatiza, na nikikatizwa nitalia, na sitaki kulia tena kwa ajili ya yule mtu. Nimeshalia vya kutosha. Ninachotaka sasa ni kulipiza.

Namzungumzia bosi wako mpya.

Unakumbuka siku uliyopata kazi ulivyokuja mbio na simu mkononi? Nilikuwa nachambua maharage. Ukaniambia, "Mama, njoo umwone profesa wangu." Nikaja. Kwenye kioo kulikuwa na mzee mwenye suti na mvi zilizokatwa vizuri, amesimama mbele ya ukumbi uliojaa watu. Alikuwa anaeleza kwa nini watu wanaupinga utafiti wa sayansi. Akasema shida ya mtafiti haiko maabara, iko kwenye imani za watu. Akasema alipokuwa kijana aliongoza utafiti wa malaria kwa wajawazito katika milima ya Uluguru, utafiti mzuri, ukafa kwa sababu ya dini. Kisha akabana pua, akaiga sauti ya kikongwe: "Bibi mmoja wa kule alinitazama akaniambia, baba, Mungu hajapenda." Ukumbi ukacheka. Na wewe ukacheka, ukanigusa bega ili nami nicheke.

Yule bibi ni mama yangu, Skolastika, ambaye unalibeba jina lake. Wewe ulizaliwa ameshakufa. Nilikuambia "hongera, mwanangu" na nikarudi kwenye maharage, na tangu siku hiyo nimekuwa nikikupikia, nikikunyooshea nguo, nikicheka na wageni waliokuja kukuaga, huku ndani ninachemka. Sasa nikusimulie, maana mwezi ujao atakupandisha Kinole, kwetu mlimani, kwenye gari lake ukamsemee.

Kabla yako nilizaa mtoto wa kiume. Hilo unalijua nusunusu, kama watoto wanavyojua mambo ya aina hiyo. Nilikuwa bado binti mdogo, nimeolewa na baba yako, yeye akiwa mwalimu wa sayansi shule ya msingi kule kule mlimani. Nilijifungulia zahanati ya bondeni, ile iliyofungwa zamani. Mama alikuwa nje na wanawake wenzake, ana kipande cha kanga kipya cha kupokelea kondo. Kwetu mtoto akitoka, kondo la nyuma hupewa bibi yake, naye hulizika nyuma ya nyumba kwenye migomba. Nesi akatoka mikono mitupu. Mama akauliza, akaambiwa limekwenda na wataalamu.

Wataalamu ndio hao, profesa wako na vijana wake. Walikuwa na deli la barafu la bluu, kama lile la wauza aiskrimu, na humo ndimo walimotia makondo ya wanawake wote waliojifungua pale ili wakayaangalie mjini. Wanawake wakampa jina la Bwana Deli. Mimi hakuniuliza kitu. Nilikuwa nimelala pale pale, macho wazi, akili zangu timamu, ningeweza kusema ndiyo au hapana, na alipita karibu yangu na lile deli akaniambia, "Pole, mama."

Siku chache baadaye mtoto akaanza kukataa ziwa. Nesi akambatiza haraka haraka kwa maji ya kikombe, akamwita Kasto kwa sababu ndilo jina lililomjia, na jioni akafa. Mtoto ambaye hajatolewa nje kwetu huzikwa na wanawake peke yao, bila kelele. Mama akasema basi alale na kondo lake, wasitenganishwe. Akateremka mpaka zahanati kwa miguu. Mimi nikamfuata, ingawa nilikuwa sijapona.

Bwana Deli alikuwa kwenye gari, injini inaunguruma. Mama akaenda dirishani, akapiga goti kidogo kama anavyomsalimu mtu mkubwa, ingawa yule alikuwa umri wa mwanawe na yeye ndiye aliyestahili shikamoo. Akamweleza. Yule bwana hakushusha kioo. Alimwambia dereva kitu, dereva akashusha cha upande wake akasema, "Bibi, ile siyo mali yenu tena, ile ni sampuli." Gari likaondoka. Mama alibaki amepiga goti kwenye vumbi na mimi nikamwinua.

Tukamzika Kasto hivyo hivyo.

Baada ya hapo wanawake wakaacha kwenda zahanati. Hakuna aliyeitisha mkutano wala aliyehubiri. Habari ilipanda mlima kwa wanawake wanaobeba ndizi na iliki, na kila aliyesikia alikaa na mimba yake nyumbani. Bwana Deli akashangaa kukuta vitanda vitupu. Akaulizia, akaambiwa mkunga anayeheshimiwa ni Skolastika. Akaja kwetu na soda na mikate. Hakumkumbuka. Mama alimkumbuka vizuri sana, akamtandikia mkeka.

Hapa nisikilize, kwa sababu ndipo tulipokosea, na nadhani ni kosa ambalo Waluguru peke yetu tungelifanya kwa ustadi namna ile. Wewe umekulia mjini, Kilakala, unasema hapana kama unavyosema habari za asubuhi. Kwa mama yangu, kumkatalia mgeni aliyekaa kwenye mkeka wako ilikuwa aibu ya mwenye nyumba. Kukataa kulisukumwa kwa mwingine aliye juu, mgeni akaondoka hajaumizwa. Kwa hiyo Bwana Deli alipomwomba awarudishe wanawake zahanati, mama akasema, "Baba, mimi ningekubali, lakini watoto hawa ni wa mjomba wao, mpaka yeye aseme." Mtu wa kwetu angeelewa hapo hapo. Angemaliza soda yake, akashukuru, akaenda zake.

Yeye akamtafuta mjomba Pius! Akamkuta shambani kwenye mdalasini, akaongea naye, Pius naye akaona haya kumkatalia, akasema yeye hana neno. Bwana Deli akarudi kwetu anatabasamu. Mama akaona huyu ni mgumu wa kuelewa, lazima kukataa kupelekwe mahali ambapo hawezi kwenda kuuliza. Akasema, "Baba, Mungu hajapenda."

Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni. Nilitaka kusema, mwambie, mama, mwambie kwamba ulipiga goti kwenye gari lake. Nikanyamaza, kwa sababu mama alikuwa ananitazama. Ukimya ule ndio ninaoujutia mpaka leo. Kwamba tulikataa, hilo silijutii kamwe.

Maana Bwana Deli alikwenda mpaka kwa Mungu pia. Alimwendea padri. Padri akashangaa, akasema Kanisa halina ugomvi na kondo la mtu kuangaliwa kwa darubini, na Jumapili akalisema hilo kwenye mahubiri: akina mama, si dhambi. Tulikaa kwenye mabenchi tukatazamana. Nani alisema ni dhambi? Shehe wa kule chini naye akaombwa, naye akasema hakuna ubaya. Mwanangu, watu wa dini wote walikuwa upande wake. Mwenye rozari, mwenye tasbihi, wote. Na aliyepinga kuliko sote alikuwa baba yako, mtu ambaye mara ya mwisho kuungama alikuwa anavaa kaptula. Mwalimu wa sayansi, aliyefundisha watoto habari za vimelea vya malaria kwa kuchora ubaoni, alikata migomba yake mwenyewe akailaza barabarani kwenye kona ili gari lisipite, akakaa juu yake na panga. Redioni wakatangaza kwamba waumini wenye msimamo mkali wamefunga njia. Baba yako alisikiliza taarifa ile akiwa anakula, akatazama nyuma yake kuona kama kuna muumini ameingia.

Nacheka nikiandika, lakini usidhani ni furaha. Wakati huo huo Restituta, rafiki yangu niliyefundwa naye unyago, alipatwa na uchungu. Tulimwambia abaki nyumbani, nami nilikuwa mmoja wa waliomwambia. Alitokwa na damu mpaka ikaisha. Pale zahanati kulikuwa na dawa ya kuzuia damu, kila mtu alijua. Ndiyo maana mtu akiniambia jambo hili lilikuwa la hadithi za mababu, nasikia kumrukia. Restituta hakufa kwa sababu ya imani. Alikufa kwa sababu mtu mmoja aliona uvivu kushusha kioo cha gari. Mimi nami nina sehemu yangu katika kifo kile na nimeibeba kila mwaka nikienda kaburini. Yeye yake hajaibeba hata siku moja. Amekwenda kuisimulia kwenye ukumbi, watu wakacheka.

Najua utakachosema. Umesoma, utaniuliza: na kuzika kondo, hiyo si imani, mama? Labda. Ipe jina unalotaka. Mimi nilichokiona ni kwamba mama alipozika kondo la mtu hakusali, hakumwita mtu, alifukia akanawa mikono akaenda kupika. Ukiingia nyumbani kwangu ukachukua sufuria bila kuuliza, nikikasirika hutaniuliza mimi ni wa dhehebu gani. Tena nikuambie, kama Bwana Deli angeuliza, nina hakika mama angempa kipande. Alikuwa mkunga. Alitaka kujua kuliko yeye kwa nini watoto wanazaliwa wadogo.

Imani inayokataa ipo pia, sitaki ukadhani ninabisha kila kitu. Unamkumbuka Mama Kirti wa duka la viungo mjini, Mhindi yule aliyekuwa akikupa ubuyu? Nimemuuzia iliki na karafuu za Kinole miaka mingi. Siku moja nikamkuta na vijana wa chuo, wanataka kutega panya kwenye ghala lake wakawachunguze. Akawaambia, "Hapana, wanangu. Dini yangu, mimi siui." Vijana wakamshukuru wakaondoka kwa adabu. Mimi nikamsimulia ya kwetu, nikasema tunafanana, dada, sote tumewakatalia. Akaacha kupima karafuu akanitazama.

"Hatufanani," akasema. "Mimi yangu dini. Wewe yako hasira. Kwa nini unaificha nyuma ya Mungu?"

"Mama ndiye aliyeificha."

"Basi wewe itoe."

Yeye mwenye dini aliisema wazi, wakamwelewa. Sisi wenye hasira tuliivalisha dini, tukaletewa padri. Nilitoka dukani kwake nimevimba, na nilichukua miaka kukubali kwamba alikuwa amenitendea wema.

Wala usifikiri mama yako ni adui wa sayansi. Dawa za kinga ya malaria nilizimeza zote nilipokubeba wewe, mbele ya nesi, nikafungua mdomo aone. Kama kazi ya Bwana Deli ilichangia dawa zile sijui. Nilimshukuru nesi. Nimekulipia masomo ya sayansi kwa viungo na mboga, na baba yako alikuwa anakufundisha usiku ukisinzia juu ya kitabu. Nilitaka uende mbali. Sikujua kwamba ukifika mbali utamkuta yeye amekaa mlangoni.

Na nimeelewa kwa nini amekuchagua. Kwenye barua ya kazi wameandika utakuwa mhamasishaji wa jamii, utasaidia kushughulikia vikwazo vya imani. Anataka msichana wa Kiluguru, mwenye lugha ya Kiluguru na heshima za Kiluguru, atangulie mbele yake kwenye mkeka. Anarudi na utafiti mpya, na anakuja kuchukua kwa mlango ule ule.

Kwa hiyo Jumapili iliyopita, niliposema nakwenda kwenye harusi, nilipanda Kinole. Baba yako alijua, akanikataza. Aliniambia, "Melania, mwache mtoto aende zake, usimtwike vita vyako." Baba yako amezeeka, amesamehe, na ninamheshimu kwa hilo ingawa linanichosha. Mimi nikaenda. Nikakaa na wanawake uani kwa mjomba Pius, wale wazee waliobaki na mabinti zao, akiwemo binti aliyeachwa na Restituta. Nikawaonyesha ile klipu. Wakaisikiliza ile sauti ya kuigiza mpaka mwisho. Kisha mmoja akaomba niirudie.

Tumepanga hivi. Mtakapokuja watampokea vizuri kuliko alivyowahi kupokelewa. Atatandikiwa, atapikiwa kuku, atapewa ndizi mbivu. Atazungumza mpaka amalize. Halafu watamwambia hapana. Hawatasema mjomba, hawatasema padri, hawatasema Mungu. Watasema, hatutaki, kwa sababu ulituchukulia bila kutuuliza, hukushusha kioo, na umekwenda kumcheka Skolastika mbele za watu. Watalisema kwa Kiluguru, mmoja baada ya mwingine, na wewe ndiye utakayetafsiri.

Ninachokuomba ni hicho tu, na najua si kidogo. Tafsiri neno kwa neno. Usilainishe. Usiseme "wanasema wanahitaji muda", usiseme "wana wasiwasi kidogo". Una ulimi mtamu, ni wa bibi yako, na siku hiyo utakuwasha kutaka kumsitiri mgeni. Mwache mgeni aumie. Nataka aketi juani na kuku wa watu tumboni asikie kila neno, na asiwe na mahali pa kukimbilia, kwa sababu hatutampa Mungu wa kumlaumu.

Akiomba radhi, sijui. Wengine huenda wakamsamehe na wakakubali utafiti wake, na sitamzuia mwanamke yeyote. Huenda dawa anayokuja kuijaribu safari hii ni nzuri, na binti wa Restituta ni mjamzito sasa hivi. Hayo ni yao kuamua. Mimi simsamehe, na sitaki mtu aniambie kwamba moyo utapata nafuu. Nafuu nitaipata nikisikia alivyokuwa amekunja uso.

Unaweza kupoteza kazi. Nimelifikiria hilo, na nimekuandikia hata hivyo. Mama mwema zaidi angekuacha upande basi kesho ukiwa na furaha yako nzima. Ukiona huwezi, mwambie atafute mkalimani mwingine, na mimi sitakulaumu, utarudi nyumbani utakuta chakula. Lakini usiende kule ukanyamaza mlangoni kama mimi.

Na ukimaliza kutafsiri atakuuliza swali lake, maana amelizoea na hana jingine. Atakuvuta pembeni akuulize ni imani gani hasa inayowazuia hawa akina mama. Mwambie ni Mama Kasto. Atasema hamjui. Mwambie ni kweli, hakuna anayemjua. Watu walianza kuniita mama ulipozaliwa wewe, na mpaka leo njia nzima naitwa Mama Skola, hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuniita kwa jina la mwanangu wa kwanza. Mwambie alitamke yeye.

Mama Kasto